Zawadi ya Kijana Usiyemjua

Mazungumzo ya redio kwa majuma ya Majilio. Masomo: 1 Samweli 2:18-20; 1 Samweli 17:38-40; Mwanzo 37:2-4.

 

Leo tungependa kuzungumza juu ya jambo ambalo laonekana dogo, lakini huwasumbua washirika wengi kila mwezi wa Desemba. Baada ya ibada, pale mlangoni, huwekwa meza, na juu ya meza kuna vikaratasi, au pengine vimefungwa kwa uzi kwenye mti wa Krismasi. Kila kikaratasi ni mtoto mmoja wa makao ya watoto, au wa jamaa yenye shida mtaani. "Msichana, miaka 4." "Mvulana, miaka 6." Hivi huchukuliwa upesi, akina mama wengine huchukua viwili. Jumapili ya tatu ikifika vimebaki vichache, na ukivitazama waona vyote ni vya namna moja. "Mvulana, miaka 15." "Msichana, miaka 16." "Mvulana, miaka 17." Mwisho mzee wa kanisa huvikusanya, akachukua pesa kidogo za sadaka, akanunua sabuni na soksi kwa jumla, zote rangi moja, kipimo kimoja. Basi siku ya zawadi mtoto wa miaka 6 hufungua gari lake akapiga kelele kwa furaha, na ndugu yake wa miaka 16 hukaa nyuma akiwa na mche wa sabuni mkononi.

Si kwamba washirika wana roho mbaya. Ukimwuliza mtu kwa nini amekipita kile kikaratasi, atakuambia, "Sijui nimnunulie nini." Kwa mtoto mdogo kila mtu ajua: mwanasesere, mpira, gauni lenye maua. Kijana wa miaka 16 hata baba yake mzazi hajui anachotaka, sembuse sisi ambao hatujapata kumwona. Tena wako wanaowaza moyoni kwamba huyu ni mkubwa sasa, anaweza kujitafutia. Lakini Katiba yetu ya mwaka 2010 yasema mtoto ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Mvulana wa miaka 17 aliyeota ndevu na sauti ikawa nzito, yeye bado yumo katika hesabu ya watoto.

Desturi hii ya vikaratasi si ya zamani sana. Mwaka 1979 maofisa wawili wa Jeshi la Wokovu, Charles White na mkewe Shirley, walikuwa wakitumika katika mji wa Lynchburg, jimbo la Virginia, huko Marekani. Walitaka watoto maskini wa mji ule wapate nguo na vitu vya kuchezea. Wakaandika mahitaji ya watoto katika kadi zenye picha za malaika, wakazitundika juu ya mti wa Krismasi katika jengo la maduka, ili wanunuzi wachague kadi na kumnunulia mtoto yule. Kwa ajili ya zile picha, mti ukaitwa Mti wa Malaika. Baadaye, mwaka 1990, watu wa mji wa Wrexham katika Wales walianza kujaza zawadi ndogo ndogo katika masanduku ya viatu na kuyapeleka kwa watoto wa Romania, na kazi hiyo nayo ikaenea hata mabara mengine. Lakini angalieni jambo moja. Masanduku hayo hupangwa kwa umri: miaka 2 hadi 4, miaka 5 hadi 9, miaka 10 hadi 14. Hapo mwisho. Mwenye miaka 15 hana sanduku lake. Hatulaumu, maana kila kazi ina mpaka, na sanduku la viatu ni dogo. Nao wanaosimamia miti ya malaika huko Marekani husema mara nyingi kwamba kadi zinazobaki mtini ni zile za watoto wakubwa. Kumbe jambo hili si letu peke yetu.

Basi tuseme wewe, ndugu yangu, umekichukua kile kikaratasi. Umefika nyumbani, umekiweka mezani, na sasa waulizana na mkeo, "Tufanyeje?"

Tumtazame Hana, mama yake Samweli. Mtoto wake alikaa Shilo pamoja na kuhani Eli, na yeye alikuwa akienda kule mara moja kwa mwaka. Kila mwaka alimshonea kanzu akampelekea. Fikirini jambo hilo kidogo, ninyi akina mama mnaoshona. Alimshoneaje kanzu mtoto ambaye hakumwona kwa miezi 12? Kanzu ya mwaka jana haikumfaa tena mwaka huu. Twaamini kwamba Hana alipima kwa mawazo na kwa kuuliza. Labda alimwuliza mtu aliyetoka Shilo, "Samweli sasa anafika wapi? Ananifika begani?" Biblia haisemi hivyo, ni sisi tunaowaza, lakini kila mtu aliyeshona nguo ajua kwamba haishonwi bila kipimo.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, uliza. Makao yana msimamizi, yana matroni. Jamaa ina nyanya au shangazi. Na kama watoto wamepatikana kwa njia ya afisa wa watoto, huyo naye ajua. Maswali yenyewe si mengi. Yuko shule gani, na darasa gani? Shule ni ya bweni au ya kutwa? Anapenda nini jioni akimaliza kazi: mpira, kuimba, kuchora, kusoma, kutengeneza redio zilizokufa? Anavaa nguo kipimo gani? Ni kitu gani anachoazima kwa wenzake kila siku? Swali hili la mwisho lafaa kuliko yote. Kijana anayeazima kalamu ya kuchorea, au kitana, au saa wakati wa mtihani, amekwisha kukuambia zawadi yake bila kufungua kinywa.

Kama ni viatu, usibahatishe. Miguu ya kijana wa miaka 14 hukua kati ya Oktoba na Desemba kama mahindi ya mvua za vuli. Mwombe matroni amsimamishe kijana juu ya karatasi, auzungushie mguu kalamu ya risasi, akupelekee karatasi hiyo. Uingie nayo dukani. Fundi wa viatu au mwuzaji ye yote atakupa namba. Ikiwa hukupata kipimo, achana na viatu, na suruali pia. Nunua kisichohitaji kipimo: begi la shule lenye zipu imara, saa ya mkono, taa ndogo ya sola ya kusomea, mpira wa kweli wa kandanda pamoja na pampu yake (mpira bila pampu ni zawadi ya wiki mbili), seti ya jiometri, kamusi, rangi na karatasi nene kwa mchoraji. Kwa msichana, leso nzuri yenye maneno ya heshima, au kitambaa cha kitenge cha kumtosha kushona apendavyo, na ikiwezekana ulipe na ushoni. Mafuta ya kujipaka na marashi kidogo yawafaa wote wawili. Wazee huwacheka vijana kwa kujitazama katika kioo. Lakini tuliokuwa vijana zamani twakumbuka kioo kile.

Sasa tumtazame mfalme Sauli. Yeye naye alimpa kijana zawadi. Daudi alipotaka kwenda kupigana na Goliathi, Sauli alimvika mavazi yake mwenyewe, na chapeo ya shaba, na deraya. Zilikuwa mali za thamani, za mfalme. Daudi akajaribu kutembea, akashindwa, akazivua, akaenda na fimbo yake na mawe matano. Sauli hakuwa na nia mbaya, bali alimpa kijana kitu ambacho kilimfaa Sauli.

Zawadi za namna hii ni nyingi kuliko tunavyodhani. Baba aliyependa tai alipokuwa mwanafunzi humnunulia tai mvulana ambaye shule yake haina tai. Mama ambaye husikitikia mavazi ya vijana wa siku hizi humnunulia msichana sketi ndefu ya kijivu ambayo yeye mwenyewe asingeivaa akiwa na miaka 16. Mwingine hununua kitabu juu ya hatari za pombe na kumpa kijana ambaye hajaonja pombe maishani mwake. Ndugu, hapo umempa hotuba iliyofungwa kwa karatasi ya zawadi, na kijana huijua mara moja, hata kabla ya kufungua.

Twasema pia juu ya Biblia, ingawa wengine watatushangaa. Biblia ni zawadi kubwa, lakini uliza kwanza kama anayo. Wageni wengi huja makaoni, na kila kundi huleta Biblia, hata kijana mmoja akawa nazo tatu na hana daftari. Tena si kila kijana katika makao au katika mtaa ni mtoto wa Kikristo. Pwani, Garissa, hata Nairobi, wamo watoto wa Kiislamu. Yeye naye apewe begi kama wenzake, bila sharti wala neno la pembeni.

Na nguo za mitumba, je? Swali hili huulizwa kila mwaka, na wengine hukasirika wakisikia jibu. Wakenya wengi sana huvaa mitumba, na hakuna aibu ndani yake. Kijana wa Nairobi atakuambia kwamba koti alilolichagua mwenyewe Gikomba ni bora kuliko jipya la dukani, na wa Mombasa atasema vivyo hivyo juu ya Kongowea. Aibu haiko katika mtumba. Aibu iko katika gunia la nguo ambazo wewe umezichoka, kola zimekatika, vifungo havipo, ukazitupa ndani ya gari Jumapili asubuhi na kuziita zawadi. Ukienda sokoni ukachagua shati moja, ukaligeuza ndani nje, ukalifua, ukalipiga pasi, ukalikunja, hiyo ni zawadi. Twajua pia kwamba kijana wa makao huvaa mwaka mzima nguo zilizochaguliwa na wengine. Kwa hiyo, kama mfuko wako waruhusu, angalau siku moja apate kitu kipya chenye lebo yake.

Hapa tungependa kukaa kidogo juu ya tofauti kati ya haja na zawadi. Wasichana wana haja ya sodo, na tuseme wazi, maana kuona haya kwetu hakumsaidii mtoto. Mwaka 2004 Kenya iliondoa kodi ya VAT juu ya sodo, na sheria ya mwaka 2017 iliipa Serikali wajibu wa kuwapa bure wasichana wa shule za umma. Lakini hizo hutolewa shuleni, na Desemba shule zimefungwa. Kwa hiyo kanisa linaloweka pakiti za kutosha za miezi ya likizo katika kifurushi cha msichana limetenda vema sana. Sabuni, dawa ya meno, wembe wa kunyolea kwa mvulana anayeanza ndevu, chupi mpya: vyote hivi vyahitajika, na mara nyingi mwenye navyo hafikiri kabisa kwamba mwingine hana.

Hata hivyo, haja ni haja. Kama kijana angekuwa kwako nyumbani, ungemnunulia sabuni mwezi wa Desemba, na mwezi wa Machi, na usingeiita zawadi ya Krismasi. Ndiyo maana sisi twashauri kwamba kifurushi cha kijana kiwe na vitu viwili: kimoja anachohitaji, na kimoja ambacho angeweza kuishi bila hicho. Hicho cha pili ndicho zawadi. Hata kama ni kitu cha shilingi chache, kama pakiti ya biskuti nzuri asiyolazimika kuigawa, au daftari lenye jalada gumu ambalo mwalimu hatalisahihisha. Wako wahazini watakaosema huo ni upotevu wa pesa za kanisa. Twawaheshimu wahazini, bila wao makanisa yangekwisha fungwa; lakini katika jambo hili hatukubaliani nao.

Na kama kikaratasi chasema "simu"? Usikasirike, wala usiseme watoto hawa wameharibika. Kijana ameulizwa anachotaka, naye amejibu kweli, kama mtoto wako angalivyojibu. Shule nyingi haziruhusu simu, na huenda msimamizi wa makao pia haruhusu, basi mwulize. Jibu likiwa hapana, tafuta yaliyo nyuma ya ombi lile. Anataka kusikiliza nyimbo? Redio ndogo ipo. Anataka kuzungumza na dada yake aliyeko Kitale? Hapo msimamizi aweza kumpangia siku, nawe ukalipia maongezi.

Twaja kwa Yusufu. Alikuwa na miaka 17 wakati ule, na baba yake akamshonea kanzu ya pekee. Zawadi ilimfaa, kipimo kilikuwa sawa, naye aliipenda. Lakini ndugu zake walipoiona, hawakuweza kusema naye kwa amani. Tazameni zawadi nzuri ilivyoweza kuleta msiba, kwa sababu mtoaji alimwona mmoja tu kati ya wengi.

Hilo lahusu makao yenye vijana 30, ambapo mmoja amepata saa kwa sababu kikaratasi chake kilichukuliwa na mwenye duka, na mwenzake wa kitanda cha juu amepata soksi. Kamati ya kanisa yapaswa kuweka kiasi cha pesa, cha juu na cha chini, na kufungua kila kifurushi kabla hakijapelekwa. Lahusu hata zaidi wale walio katika jamaa. Mwaka 2022 Serikali ilitoa mpango wa miaka 10, wa kufikia mwaka 2032, wa kuwarudisha watoto kutoka makaoni kwenda kuishi katika jamaa na jumuiya zao. Maana yake ni kwamba vijana wengi watakaotajwa katika vikaratasi vyetu watakuwa kwa nyanya, kwa mjomba, kwa jirani mwema. Humo ndani wamo watoto wengine ambao kanisa halikuwaandika. Zawadi ikiingia kwa kijana mmoja, hao wengine wanatazama. Ongeza basi kilo chache za unga wa chapati na mafuta ya kupikia kwa nyumba nzima, na kitu kidogo kwa wadogo. Hapo kijana atafungua chake kwa raha.

Wengi huuliza kama si afadhali kutoa pesa tu. Kwa kijana mkubwa, pengine ni afadhali kweli, maana kuchagua ndicho kitu ambacho hapewi. Chakula amechaguliwa, nguo amechaguliwa, hata kitanda. Lakini pesa mkononi katika nyumba yenye njaa haziwezi kubaki mkononi, na hatumlaumu anayezitumia kwa unga. Njia tuliyoiona kuwa njema ni hii: kanisa limkabidhi msimamizi pesa za vijana wakubwa, na mshirika mmoja anayeaminika aandamane nao na matroni mpaka sokoni siku moja kabla ya sikukuu, watatu au wanne kwa pamoja. Kila kijana aambiwe kiasi chake. Achague, abishane bei na mwuzaji, abadili mawazo mara nne. Yatachukua mchana mzima, na yule mshirika atarudi miguu ikimwuma.

Kuhusu siku ya kutoa tuna neno moja. Mapokeo ya Kanisa yasema kwamba Nikolao, askofu wa Mira katika karne ya 4, mji uliokuwa katika nchi inayoitwa Uturuki leo, alisikia habari za maskini mmoja mwenye binti watatu waliofikia umri wa kuolewa, naye hakuwa na kitu cha kuwapa. Yule askofu akaenda usiku, akatupa dhahabu ndani kupitia dirishani, akaondoka. Watu wamemfanya Nikolao kuwa mzee wa watoto wadogo na peremende, lakini katika kisa hiki waliopewa walikuwa wasichana wakubwa, na alikwenda usiku ili baba yao asiaibike mbele ya mji.

Sisi siku hizi twafanya kinyume. Twawapanga vijana mstari mbele ya kanisa, twaita majina kwa kipaza sauti, kila mmoja anyoshe mkono huku simu kumi zikipiga picha, na jioni picha zimesambaa. Mtoto wa miaka 5 hajali. Msichana wa miaka 16 ana wenzake darasani, na Januari watamwuliza, "Kumbe wewe ni yatima?" Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yampa mtoto haki ya faragha, lakini hata kama sheria isingekuwapo, twaweza kuelewa. Wapeni vijana wakubwa vifurushi vyao kando, kwa mkono wa matroni, vimefungwa, na ajichagulie mwenyewe atakapofungulia. Wala msimdai barua ya shukrani. Akiandika, msomeni kwa furaha.

Pelekeni vifurushi mapema, kabla ya katikati ya Desemba, kwa kuwa makao mengi huwapa watoto ruhusa kwenda kwa jamaa zao likizoni, na kijana akiisha panda gari hataipata zawadi mpaka Januari. Wekeni risiti ndani ya bahasha na kumpa msimamizi, ili kama kipimo hakikufaa, kibadilishwe. Na katika kadi, andikeni jina lake. Msiandike "kwa mvulana wa miaka 15." Mwulizeni msimamizi anaitwaje na wenzake, mliandike jina hilo kwa mkono wenu, na chini yake sentensi moja au mbili juu ya mlichokichagua: "Tulisikia wewe ni golikipa, ndiyo sababu ya glavu." Inatosha.

Kwaherini, mpaka juma lijalo saa kama hii.